Fungate ya Bujiku Nyuma ya Pazia

Huyo mwanaume mnayemwona anatoka dirishani mchana kweupe, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kiporo cha ugali kwenye mfuko alioung'ata kwa meno, si mwizi. Msimpigie yowe. Pale Buseresere walishamzoea. Hiyo ni nyumba yake mwenyewe, kodi analipa, na ndani ana mke aliyefunga naye ndoa hata mwezi haujaisha. Mlango upo, tena mzima, una kitasa na komeo. Ila kuupita hathubutu.

Jina lake Bujiku. Ni fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karasha, yaani zile mashine za kuponda mawe ya dhahabu, mahali ambapo ukitaka kuomba spana lazima upige kelele kama unaita mtu ng'ambo ya mto. Ana kifua kipana na sauti ya kutosha watu watatu. Mkewe ni Nelly, mshonaji mwenye cherehani pale sokoni, mzaliwa wa Didia kule Shinyanga, mwembamba, mchekaji, asiyependa kukaa chini. Walipendana kwa sababu ya suruali iliyochanika, na hiyo ni hadithi yao, waacheni nayo.

Shida ilianzia ukumbini. Au niseme ilianzia kwenye kamati.

Kamati ya harusi ni watu ishirini wanaogombana kila Jumapili kwa ajili ya siku moja. Waligombania rangi ya vitambaa, wakagombania mbuzi au kuku, wakaja kwenye mshereheshaji. Bujiku akasema kuna mwalimu pale jirani anaongea vizuri, tena Msukuma. Kamati ikamcheka. "Unataka harusi au unataka mkutano wa kijiji?" Wakamleta kijana kutoka Dar es Salaam, viatu vyeupe, miwani myeusi ndani ya ukumbi, Kiswahili kinateleza kama mlenda.

Sasa kama hujakaa Usukumani, sikiliza hapa kidogo. Mkwe ni mtu wa heshima, na heshima ya mkwe ni umbali. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mikono. Hawatazamani usoni. Hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hiyo inaitwa bukwi. Siku hizi wako wanaoilegeza, hasa mjini, lakini mama yake Nelly hakuwa mmoja wao. Yule mama, Mama Makoye, alikuja harusini akiwa ameshajipangia kona ya kukaa mahali ambapo bwana harusi hataonekana hata kisogo.

Ukafika muda wa zawadi. Mama Makoye akapita mbele anacheza taratibu, kibuyu cha samli kichwani, macho chini. Akakitua jukwaani, akataka kugeuka. Ndipo yule kijana wa viatu vyeupe akadaka kipaza sauti: "Hapana hapana hapana! Mama haondoki hivi hivi! Nataka nione upendo hapa! Bwana harusi, mama mkwe huyo! Mkumbatieee!"

Nusu ya ukumbi ikapiga makofi. Nusu nyingine, ile ya Wasukuma, ikashika vinywa.

Na Bujiku akasimama.

Mpaka leo ukimwuliza kwa nini alisimama anakuambia hajui. Taa zilikuwa machoni, viatu vilimbana, tangu asubuhi alikuwa anaambiwa simama anasimama, kaa anakaa, tabasamu anatabasamu. Miguu ilishazoea kumtii mwenye kipaza sauti. Akaenda, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayefukuza kuku bandani.

Mama Makoye alipoinua macho akaona mkwe wake anamjia kwa mikono miwili, hakupiga kelele. Angepigaje kelele? Alijifunika uso kwa kitenge akaanza kurudi nyumanyuma, hatua moja, hatua mbili, hatua tatu. Jukwaa likaisha. Yeye akaendelea.

Mguu ulilia ko! Hata waliokaa nyuma walisikia. Na yule kijana akasema, "Makofi kwa mama!"

Hospitali wakamfunga hogo, lile plasta gumu jeupe, kutoka vidoleni mpaka gotini. Wiki sita, asisafiri, kila baada ya wiki mbili arudi atazamwe. Didia ni mbali, mumewe alishafariki, na mwanawe Makoye amepanga chumba kimoja Kahama, upande wa Buzwagi. Wazee wakapigiana simu. Mjomba Donatus, mkubwa wa ukoo wa kina Nelly, hakuchukua muda mrefu kutoa hukumu. "Aliyemvunja amuuguze," akasema, akakata simu.

Bujiku na Nelly walikuwa wamepanga fungate Mwanza, hoteli yenye dirisha la kutazama ziwa. Mwanza ikabaki na ziwa lake. Wao wakarudi Buseresere kwenye chumba na sebule, na sebuleni, kwenye godoro kando ya mlango wa kutokea, akawekwa mama mkwe.

Hebu ipige picha nyumba yenyewe. Mlango wa nje unaingia sebuleni. Kutoka sebuleni kwenda chumbani hakuna ubao, kuna pazia la maua. Ukuta wa katikati haukufika juu kwenye bati; mtu akimeza mate huku, kule anasikika. Choo kiko uani. Ili Bujiku aende kazini, aende chooni, aende popote duniani, lazima amruke mama mkwe wake aliyelala na mguu umeinuliwa juu ya mto.

Siku ya kwanza hakutoka kabisa. Alijibana mpaka macho yakatoka maji.

"Ruka tu, mama atajifunika," Nelly akamnong'oneza.

"Nimruke? Nimeshamvunja, sasa nimruke?"

"Basi utafanyaje?"

Bujiku akatazama dirishani. Dirisha lilikuwa na nondo nene, na nondo hizo alizichomelea yeye mwenyewe miaka miwili nyuma, kazi nzuri kabisa, kwa ombi la mwenye nyumba aliyeogopa wezi. Alizivuta. Zikakaa kimya kama alivyozifundisha.

Kesho yake Nelly akamletea mashine ya kukatia vyuma. Akazikata nondo, akazitia bawaba na kikomeo kwa ndani, zikawa zinafunguka kama mlango wa tundu la njiwa. Mwenye nyumba, Mohamedali wa duka la vifaa vya ujenzi, mzee aliyezaliwa hapo hapo na anayetukana Kisukuma vizuri kuliko wengi wetu, akaja kukagua.

"Bujiku, mimi nilikupangisha nyumba yenye mlango."

"Najua, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Huo mlango una kosa gani?"

"Una mkwe, mzee."

Mohamedali akachungulia sebuleni, akaliona hogo, akarudi taratibu kama mtu aliyekanyaga nyumba ya nyuki. "Ukihama," akasema, "uzirudishe kama zilivyokuwa. Na upake rangi."

Basi Bujiku akawa mtu wa dirishani. Jirani yao Mama Davis, anayekaanga maandazi uani na ambaye mdomo wake haupumziki, kila akimwona anateremka alikuwa na neno. "Konda! Shusha hapo!" Siku nyingine: "Bwana harusi, mbona hutuachii hata mgeni apande?" Bujiku anacheka, atafanyaje, huku anajifuta vumbi la ukuta kwenye suruali.

Lakini dirisha lilikuwa dogo kati ya shida zake. Kubwa lilikuwa hili. Usiku ule wa kwanza, Nelly alilala chali anatazama bati, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Bujiku, mama anaona haya kukaa hapa. Anasema bora arudi kwao hivyo hivyo, na mguu wake. Akienda, mimi naenda naye. Siwezi kumwacha peke yake na mguu huu."

Unajua maana ya bibi harusi kurudi kwao kabla hata keki haijaisha? Hakuna atakayeuliza habari ya mguu. Watasema karudishwa. Watasema mume ana kasoro au mke ana kasoro, na wataichagua kasoro wenyewe, na ikishachaguliwa haifutiki. Na akishafika kwao, akazoea tena jiko la mama yake, nani atamrudisha? Bujiku aliona wanaume wawili pale karashani ambao wake zao walikwenda "kusalimia" na mpaka leo wanasalimia.

Kwa hiyo akajiambia, mama akistarehe hapa, Nelly atabaki hapa. Na ili mama astarehe, mimi nisionekane, nisisikike, nisiwepo.

Akafanya hivyo kwa bidii yote ya fundi.

Alikuwa zamu ya usiku. Asubuhi anarudi, anapanda dirishani, analala. Nelly anaenda sokoni kwenye cherehani. Mchana kutwa wanabaki wawili, mkwe na mkwe, na pazia la maua katikati. Bati linawaka. Saa saba mchana usingizi unaisha kwa joto, na Bujiku amekaa kitandani kama mzigo uliosahauliwa stoo. Hawezi kuwasha redio, labda mama amelala. Hawezi kutembea, sakafu inasema. Hawezi kupiga chafya, alishajifunza kuibana puani mpaka masikio yanazibuka. Anahesabu maua ya pazia. Arobaini na moja, na nusu ua pale lilipokatwa.

Na mkewe akirudi, ni kunong'ona. "Habari ya kazi" kwa kunong'ona. "Chumvi imezidi" kwa kunong'ona. Mambo mengine ya maharusi msiniulize, kitanda kilikuwa kipya na kitanda kipya kina mdomo. Usiku asio na zamu walilala kama njiti mbili za kiberiti kwenye boksi, zimenyooka, hakuna anayemgusa mwenzake wasije wakawaka.

Nelly naye akapata dawa yake. Kuna kikundi cha jogingi pale mjini, watu wazima na fulana zao za rangi moja, wanakimbia alfajiri wanaimba mpaka njia ya Biharamulo na kurudi. Akajiunga, Jumamosi tu, afya. Wiki iliyofuata ikawa Jumamosi na Jumatano. Wiki ya nne hata Jumatatu alikuwa anafunga kamba za raba gizani. Bujiku akirudi kazini anakutana nao barabarani, mkewe katikati, anaimba kwa sauti kubwa, jasho linatiririka, anacheka. Bujiku anampungia mkono. Anafika nyumbani anapanda dirisha lake, na baada ya nusu saa yule aliyekuwa anaimba barabarani anaingia chumbani kwa ncha za vidole. "Umefika?" ananong'ona.

Kule sebuleni Mama Makoye hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa amekuja na kuku, zawadi ya harusi, mtetea mwekundu aliyefungwa kamba kwenye mguu wa meza. Kuongea na mkwe hawezi. Kuku hana bukwi.

"We kuku," alianza siku moja, "naona kuna mtu humu ndani hajala tangu asubuhi. Wali uko kwenye kabati. Mimi nitageukia ukutani, nijifunike, nihesabu mpaka mia. Mtu akipita sitajua."

Bujiku nyuma ya pazia akatoa jasho. Kujibu ni kosa. Kutokujibu ni kiburi. Akakohoa kidogo.

"Kuku, amesikia," mama akasema, akageukia ukutani.

Bujiku hakwenda. Aliogopa. Mama akahesabu mpaka mia, akasubiri, akahesabu tena, kwa Kisukuma safari hii, polepole zaidi. Mwisho akashusha pumzi. "Kuku, wali umeshakuwa kiporo."

Baada ya hapo kikohozi kikawa ndiyo lugha. Kimoja ndiyo, viwili hapana. Huwezi kujenga nyumba kwa lugha hiyo, lakini inapitisha mchana.

Kilichomwokolea akili ni kroshia. Nelly alikuwa na kikapu cha nyuzi chini ya kitanda, alianza kufuma kitambaa cha meza kabla ya harusi akakiacha njiani. Wiki ya tatu, mchana mmoja wa joto, Bujiku alikivuta akitafuta kandambili. Akaishika ile sindano yenye ndoano. Mikono yake haiwezi kukaa bure, ni mikono ya kazi. Akatazama jinsi uzi ulivyopita, akaingiza, akavuta. Saa kumi jioni alikuwa bado anavuta.

Nelly aliporudi akakuta mumewe, mwanaume wa karasha, mwenye makovu ya cheche mpaka kwenye kope, amekunja miguu kitandani ulimi nje, anafuma. Na alichofuma kilikuwa kama soksi ya tembo. Nelly alicheka. Alicheka bila sauti, akauma mto, machozi yakamtoka, na Bujiku naye akauma upande wa pili wa mto, na hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote walizopata kwenye ile fungate yao.

Nelly kwa utani akaipeleka ile soksi ya tembo sebuleni akaifunika redio. Kesho yake mchana sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"We kuku, hiki kitambaa si cha binti yangu. Binti yangu nilimfundisha mimi. Aliyefuma hiki ameshika sindano kama koleo."

Sindano ikasimama. Bujiku akashikilia pumzi.

"Au nasema uongo?"

Akakohoa mara moja. Na kule sebuleni mama akacheka, cheko la kujizuia, la mtu mwenye mguu unaouma.

Jioni Nelly aliingia na kipande kilichoanzwa upya, mistari mitatu, imenyooka kama ya daftari. "Mama kasema mwenyewe amalizie." Toka hapo ikawa kila mchana. Anafuma, Nelly anapeleka, mama anakikagua, anamwambia kuku. "Kuku, hapa ameruka tundu." "Kuku, hapa ana haraka, anakimbilia wapi na kutoka hatoki?" Wiki ya tano kuku akaambiwa kwamba kazi inaanza kuonekana. Bujiku alijisikia kama amepandishwa cheo. Karashani hakusema neno. Wale wenzake wangemvisha gauni.

Wakati huo Nelly alikuwa hacheki tena. Bujiku aliliona, lakini angeliulizaje? "Una nini?" ananong'ona. "Sina," ananong'onezwa. Maneno mawili, basi. Kuna vitu ukivisema kwa kunong'ona vinakuwa kama siri, na ukivisema mara nyingi vinakuwa kama uongo.

Wiki ya sita hogo likakatwa. Mguu ukatoka mwembamba kama wa korongo, lakini ulisimama. Mama akawa anatembea na fimbo, akaanza kuzungumzia mvua.

Usiku huo, Bujiku akiwa hana zamu, Nelly akatazama bati. "Mama anarudi Alhamisi. Makoye atampokea Kahama. Nitaenda naye, Bujiku. Shamba lina kazi. Nitakaa mpaka palizi iishe."

Mpaka palizi iishe! Hiyo ni miezi, si siku. Bujiku alihisi kama amepigwa na nyundo, ile ya kilo tano. Aliishi kama panya wiki sita ili hili lisitokee, na sasa limetokea. Akafungua mdomo. Sebuleni mama akajigeuza kwenye godoro, wakamsikia. Utasema nini? Mimi sitaki mke wangu amlimie mama yake, ambaye mguu nimeuvunja mimi? Useme hivyo, na mwenyewe yuko hapo, umbali wa pazia?

"Sawa," akanong'ona.

Nelly akajifunika shuka. Akageukia ukutani.

Alhamisi asubuhi begi lilikuwa limefungwa, kuku amewekwa kwenye kikapu, kwa sababu mama alisema amemzoea, atawaletea mwingine. Nelly akatoka na begi kichwani kwenda kuita bajaji. Bujiku alikuwa chumbani, amekaa kitandani na nguo za kazi, hajalala. Sebuleni mama anavaa kiatu, kiatu kinagoma.

"We kuku," akasema, "dunia hii. Mimi sikumwomba huyu mtoto aje. Shamba limeshalimwa, Makoye kaweka watu. Nimemwambia baki na mume wako. Akanijibu, mume wangu ndiye kasema niende."

Bujiku akainua kichwa.

"Na mimi huyo mume simlaumu, kuku. Mtu ameoa mke mmoja kaletewa wanawake wawili. Amechoka. Hata ng'ombe ukimfunga wiki sita atakupiga teke."

Bujiku akakohoa mara mbili.

Kiatu kikanyamaza.

Akakohoa tena mara mbili, kwa nguvu, halafu tena mbili, mpaka Mama Davis kule nje akasema, "Jamani huyu ana kifua?"

"Kuku," mama akasema taratibu, "leo kikohozi sikielewi."

Na kweli hakikutosha. Ndiyo na hapana havikutosha. Bujiku akasimama, akashika pazia. "Mimi sijasema," akatamka. Sauti ilitoka na kutu, kama bawaba isiyotiwa mafuta. "Mayu, mama, mimi sijasema aende."

"Yaya!" mama akapiga kelele, akajitupia kitenge usoni, akageukia ukutani. "Yaya, hapana, nkwilima anaongea na mimi, mkwe!"

Lakini Bujiku alishalivuta pazia. Akapita. Hatua nne za sebule, hajazikanyaga tangu harusi, akafungua mlango wake kwa kitasa chake, akatoka nje.

Nelly alikuwa anateremka kwenye bajaji. Akamwona mumewe amesimama mlangoni, si dirishani, mlangoni, akadhani mama amekufa. "Mama kafanyaje?"

"NELLY! NANI KAKUAMBIA NIMESEMA UENDE?"

Ilikuwa ile sauti ya karashani. Maandazi ya Mama Davis yalitetemeka kwenye mafuta. Dereva akazima bajaji.

Nelly akashika kiuno. Alichelewa kidogo kuipata ya kwake, kisha akaipata. "Wewe! Nimekuambia naenda ukasema sawa!"

"Nilisema sawa kwa kunong'ona!"

"Na mimi nikasikia hivyo hivyo! Ulitaka nisikie nini?"

"Ulitaka nikatae, mama yako anasikiliza pale?"

"Ndiyo! Ndiyo, nilitaka ukatae! Nimeolewa, Bujiku. Nimeolewa na nini? Nimeolewa na mnong'ono! Sauti yako niliisikia kanisani, mara ya mwisho. Unaingia dirishani, unatoka dirishani, hugusi hata ukuta. Nikasema huyu mtu anahesabu siku. Anangoja mama atoke, na mimi nitoke naye, apumue."

"Nimekaa mle ndani wiki sita ili usitoke!"

"Ungeniambia!"

"Kwa mdomo upi?"

Uani watu walikuwa wameacha kila kitu. Mama Davis ameshika mwiko hewani.

"Mimi sitaki uende," Bujiku akasema. Hakupiga kelele safari hii, lakini hakunong'ona. Ni ile sauti ya kawaida ya mtu na mkewe, na ajabu ni kwamba wote wawili walionekana kama wameisahau.

Mama Makoye akatokea mlangoni, amejifunika kitenge kizima kizima kama mtungi unaohamishwa, fimbo mbele, kikapu cha kuku kwapani, anapapasa. Dereva akamshika mkono. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Washa gari lako. Hawa wana maneno."

Nelly akamtazama mama yake, akatazama begi lililoshapakiwa kwenye bajaji, akamtazama mumewe. "Hawezi kupanda basi peke yake," akasema. "Nampeleka stendi." Akaingia. Begi hakulishusha.

Bajaji ikaondoka na vumbi lake.

Bujiku akarudi ndani. Nyumba nzima ilikuwa yake sasa, sebule, viti, redio, mlango. Alikaa kiti hiki, akahamia kile. Akawasha redio, akaizima asije akapitwa na mlio wa bajaji. Alitembea mpaka kwenye pazia na kurudi. Mnajua, wiki sita alikuwa na ukuta wa kulaumu. Sasa hapakuwa na ukuta, ila mguu haukuweza kutoka nje ya kizingiti, kwa sababu labda atarudi na labda harudi, na huwezi kwenda popote na "labda" imekushika suruali. Saa nne ikapita. Basi la Kahama linaondoka saa nne. Saa tano ikapita. Mama Davis akamletea maandazi mawili, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno.

Saa sita kasoro Nelly akaingia uani kwa miguu, begi kichwani, mwekundu kwa vumbi. Alipita mlangoni akalitua begi katikati ya sebule.

"Mama kasema umemtazama na umemsemesha. Mjomba Donatus atapiga simu. Andaa mbuzi wa faini."

"Mbuzi mmoja?"

"Unataka wawili?" Akakaa, akavua viatu. "Kasema pia wabeja, asante kwa kumuuguza. Hilo kaniambia niseme taratibu, lakini nimechoka na mambo ya taratibu."

Bujiku akatikisa kichwa. "Mbona hukulishusha begi?" akauliza. "Ulitaka nife?"

"Ulitaka nilishushe mbele ya watu wote, kama mtu aliyebembelezwa?"

"Umebembelezwa!"

"Kwa kelele zile? Umenitukana!"

"Nimekutukana wapi, Nelly?"

"Na ile chumvi! Wiki sita unasema chumvi imezidi, chumvi imezidi, kwa kunong'ona, nikikujibu unaniwekea kidole mdomoni. Leo nijibu! Imezidi wapi?"

"Imezidi kwenye dagaa!"

"Dagaa wana chumvi yao, mimi nifanyeje, niwafue?"

Ikaendelea hivyo. Walitoka kwenye dagaa wakaenda kwenye jogingi, wakatoka jogingi wakaenda kwa yule kijana wa viatu vyeupe, wakamtukana pamoja, wakaachana naye, wakarudi kwenye dagaa. Mtaa mzima ulisikia. Mohamedali alikuwa anapita na vitabu vyake vya risiti, akasimama, akamwuliza Mama Davis kama aingilie, wasije wakavunjiana vyombo.

"Waache, mzee," Mama Davis akasema, anageuza maandazi. "Leo ndiyo wameoana."